Kupiga Hodi kwenye Breki

Kila baada ya dakika tano hivi, hata barabara iwe nyeupe, Mzee Klachi hugusa breki. Haikanyagi. Anaigusa tu kwa ncha ya kiatu, kama mtu anayepiga hodi. "Nauliza kama ipo," huwaambia abiria. Miaka ishirini iliyopita, kwenye mteremko, alikanyaga breki akakuta patupu. Aliokolewa na gia na shamba la mahindi la watu. Tangu siku hiyo haamini breki ambayo hajaisalimia.

Ni dereva wa hospitali. Pikapu yake ya zamani aliijua kwa mlio hata akiwa bafuni. Lakini goti la kulia lilikuwa limeanza kumsaliti. Kila akitoka kupeleka sampuli za damu maabara kuu, mwendo wa saa nne, alishuka ameng'ang'ania mlango, na nyumbani mkewe alimkanda kwa maji ya moto huku akimsimanga. Mkuu wa usafiri naye ana macho. Akamkabidhi gari jipya, otomatiki, lenye kitufe cha kushika mwendo: ukikibonyeza, gari linakwenda kwa kasi uliyochagua, nawe unapumzisha mguu.

"Jumatatu utakwenda nalo maabara kuu," alimwambia. "Goti likivimba tena, mzee wangu, utakaa getini uandike magari yanayoingia."

Kuandika magari ya wenzake! Bora angeambiwa alale tu nyumbani.

Jumatatu aliondoka na muuguzi anayesafiri naye kila mara, kasha la sampuli mapajani kwa binti huyo. Walipofika tambarare mzee akabonyeza kitufe. Gari likashika themanini, mguu ukapumzika. Mara likalegea. Akabonyeza upya, likalegea tena. Mara ya nne jasho lilikuwa linamtoka, mguu umerudi kwenye mafuta, na goti limeanza kuwaka moto.

"Bovu hili!" alifoka. "Wametubebesha mzigo."

"Baba, gari ni zima," alisema muuguzi, akibana kicheko. "Wewe ndiye unayelikatiza. Ukigusa breki linadhani unataka kusimama, linaachia mwendo."

"Nani kagusa breki?"

"Hata sasa umeigusa."

Akautazama mguu wake kana kwamba ni wa jirani. Kweli, ulikuwa pale pale, unabisha hodi.

Hasira zikamwishia zote, ikabaki hofu. "Mzoea punda hapandi farasi," alisema kwa unyonge. "Nisipoiuliza breki, mwanangu, roho haitulii. Basi, nitakaa getini."

"Kwani nani kasema uache? Ona hapo usukanini, kuna kingine chini ya kitufe unachobonyeza. Hicho kinarudisha mwendo uleule. Piga hodi zako, halafu bonyeza kwa dole gumba."

Akagusa breki. Akabonyeza. Gari likarudi themanini lenyewe, bila kinyongo. Akajaribu tena, kisha tena pasipo sababu yoyote, akacheka mpaka muuguzi akamwomba atazame barabara. Njia nzima ilikuwa hodi na dole gumba, hodi na dole gumba.

Walipofika maabara, muuguzi alilikumbatia kasha, akajiandaa kuzunguka amshike mzee mkono ashuke, kama kawaida yao. Kabla hajaugusa mlango wake, ukafunguliwa kutoka nje. Mzee Klachi alikuwa amesimama pale, hajashikilia kitu.

"Lete kasha, mwanangu," alisema. "Leo nabeba mimi."