Misalaba ya Sebuleni kwa Veronika

Nina wajukuu kumi na wawili na sijawahi kukosea jina la hata mmoja, ila Ijumaa ile akili ilinitoka. Binti yangu Veronika kanunua nyumba Viwanja Sitini, na mumewe Deogratias alikuwa akipanga marumaru sebuleni, maana Jumamosi padri anakuja kuibariki nyumba. Mkwe alipotoka kula, nikachungulia. Sakafu nzima misalaba! Midogo, myeupe, ya plastiki, kila kona ya marumaru. Yesu wangu, ndiyo tuikanyage? Nikapiga magoti hapo hapo, saruji bado mbichi, nikaing'oa yote huku nasali, nikaitia kikombeni.

Asubuhi mkwe kashika kichwa. "Mistari yote ya marumaru imepinda! Nani kaingia humu?"

"Labda paka," akasema Veronika.

"Paka huyo huyo," nikadakia, mtu mzima mimi.

Padri Siksti alipofika nikamnyooshea kikombe. "Tumsifu Yesu Kristo, baba. Naomba unibarikie na hii misalaba."

Mkwe akachungulia kikombeni. "Mama," akasema taratibu, "hivi ndivyo vilivyokuwa vinashikilia mistari isipinde."

"Na mimi," akasema Veronika, "paka wa watu nimemnyima chakula tangu asubuhi."