Nilimwambia Ni Vuli

Mume wangu alipotangaza kwamba tunahama Lidcombe, mtaa wetu wa Sydney, Australia, kwenda kuishi shambani, nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Kweli alizaliwa Handeni, kwenye jembe na mahindi, lakini alilikimbia jembe hilo mara tu miguu yake ilipopata nguvu, na hakulishika tena mpaka alipolikuta dukani Sydney likiwa na mpini wa rangi ya chungwa. Akalinunua. Akanunua na mabuti ya mpira yanayofika magotini, akapigwa picha akiwa nayo, na picha zikatumwa nyumbani kabla mabuti hayajakanyaga tope hata siku moja.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Yeye alikuwa akiendesha foklifti, mtambo wa kunyanyulia mizigo, kwenye ghala moja la eneo la viwanda la Wetherill Park, na mbele kidogo ya viwanda vile, barabara inapoanza kupita kati ya mabanda ya kuku na bustani za mboga, palikuwa na mzee wa Kitaliano mwenye nyumba mbili katika eneo moja. Ya mbele aliishi mwenyewe, mgane, na mbwa asiyebweka. Ya nyuma, ya mbao, alitupangisha sisi.

Hilo ndilo lililokuwa shamba. Nyumba inayolia upepo ukivuma, uwanja wa nyasi, mti mmoja mkubwa uwanjani na vyura chooni. Wageni wetu wa Kikenya, wauguzi wenye magari mazuri, walikuja Jumapili moja wakasimama uwanjani wakivuta pumzi na kuambiana, "Aki, hapa ni kama ushago," yaani kijijini kwao. Mbu walipoanza kazi yao, wageni wakakumbuka kwamba wana zamu kesho.

Mimi ni mtu wa Tanga mjini. Kwetu mahindi yanatoka gengeni. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili shule ya msingi kabla sijaolewa na kuletwa huku kupanga biskuti kwenye maboksi, na ualimu ule ndio kitu pekee nilichobaki nacho cha kujivunia. Nilisafiri na kamusi mbili, nikaziweka juu ya friji. Mtu akikosea ngeli mbele yangu nilimrekebisha, hata kama ana tonge mdomoni. Najua sasa kwamba nilikuwa mtu wa kuchosha, ila wakati ule niliona wengine ndio wanaonichosha.

Mama mkwe alifika mwezi wa pili. Pale uwanja wa ndege walimpekua wakamnyang'anya dagaa, chupa ya asali na mfuko wa pilipili, naye akawapa vyote bila kubishana, mpaka mume wangu akashangaa upole umetoka wapi. Tulipofika nyumbani akakaa kitini, akafungua fundo la pindo la khanga yake, pale wanawake wanapofunga hela, akamwaga mezani konzi moja ya mahindi meupe. Hapo hawakupekua.

Akatueleza. Mbegu hiyo aliipata kwa mama yake, na mama yake aliipata kwa mama yake. Kila mwaka walichagua magunzi mazuri wakayatundika juu ya meko, moshi uyalinde. Kijijini sasa kila mtu anapanda ya dukani, na dada zake walimwona kama mtu aliyepitwa na wakati. Waliobaki kijijini wangeila. Kwa hiyo aliikusanya yote akaja nayo, na mwaka huu lazima ipandwe, maana ikikaa mwaka mwingine haitaota.

Mume wangu alikuwa anatazama mpira kwenye televisheni. Mimi nilisema, "Vizuri sana, mama," kwa sauti niliyokuwa nikiwapa watoto wa darasa la pili wakiniletea michoro yao.

Yeye aliniita mwalimu. Si kwa kejeli. Aliheshimu kwamba nimesoma, na kwa kuwa hakujua neno hata moja la Kiingereza, kila kitu cha nchi ile kilimfikia kwa kupitia kinywa changu. Bei, hali ya hewa, maneno ya daktari, maneno ya mwenye nyumba. Nilifasiri nikiwa napika, bila kugeuka.

Machi ikaingia, na ule mti mkubwa ukaanza kuwa mwekundu na kupukutika. Kila asubuhi mama aliamka mapema, akafagia uwanja wote kwa ufagio aliojitengenezea mwenyewe kwa vijiti, na kila akimaliza, mti ulimwaga majani mengine. Nilimtazama kupitia dirisha la jikoni nikavunjika mbavu. Nyasi zenyewe alizifagia. Kwao uwanja ni udongo mtupu, unang'aa, nyoka akipita unamwona, na alizifagia nyasi za Mtaliano kwa ari ileile mpaka zikaanza kutoka upara. Nilingoja mzee aje afoke. Hakufoka. Alisimama kwenye ua wake akitazama, akavua kofia, akasema, "Mamma." Kumbe kwao pia ni vivyo hivyo. Mama akaitika, akaniambia kwamba yule mzee ana adabu kuliko watu wengi aliowaona tangu ashuke kwenye ndege. Nilijua anamsema nani.

Asubuhi moja akaingia jikoni, ufagio mkononi, jani limenasa kwenye kilemba.

"Mwalimu," akaniuliza, "msimu huu wenzetu wanauitaje?"

"Autumn."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Vuli, mama."

Sikufikiri hata kidogo. Kamusi zote mbili zilisema hivyo, na mimi niliwahi kuwafundisha watoto hivyo kwenye ubao, misimu minne ya Wazungu kwa majina manne ya Kiswahili, watoto ambao hawakuwahi kuona mti ukikosa majani. Nikaongeza kwa majivuno kwamba Kiswahili hakikosi neno. Mama alirudia, "Vuli," taratibu, uso ukamkunjuka kama mtu aliyesikia jina la nduguye sokoni. Kwangu vuli lilikuwa neno la kujazia jedwali. Kwake lilikuwa mvua fupi za mwisho wa mwaka, zinazokuja na joto nyuma yake, na mbegu iwe ardhini upesi kabla hazijakata.

Siku hiyohiyo alichukua lile jembe la mpini wa chungwa akalima kipande nyuma ya nyumba. Kwa bahati mbaya ikanyesha wiki nzima. Bahati mbaya naisema sasa, maana mvua ile ilinithibitishia kwamba niko sahihi, na mimi sikuhitaji kuthibitishiwa zaidi. Mahindi yakaota. Kasuku weupe wa huku, wakubwa kama kuku na wenye kelele kama stendi, wakashuka kuyang'oa, na mama akashinda nje na kopo na kijiti akiwafukuza. Nilimpelekea chai. Niliwasimulia wenzangu kiwandani kuhusu bibi wa Handeni anayepigana na kasuku, nikaigiza na sauti, wakacheka. Nilikuwa na mengi ya kuwachekesha siku zile.

Hakuwa amepanda mbegu zote. Mkulima wa kweli, nilikuja kujifunza kwa kuchelewa, habaki mikono mitupu. Alibakiza chache kwenye pindo kwa ajili ya kurudishia pale palipokosa kuota. Katikati ya Aprili alikuwa ameinama na zile za mwisho kiganjani, akitafuta mapengo, ndipo Mtaliano alipokuja hadi kwenye seng'enge akanikuta naanika nguo.

Kiingereza chake kilikuwa kibovu kuliko changu, na kwa hilo nilimdharau pia. Alionyesha mahindi. "Tell Mamma," akaniambia. "No good now. Frost come, all finish. Keep seed. September."

Nilielewa kila neno: yatakufa yote, atunze mbegu mpaka Septemba. Frost ni jalidi, umande unaoganda kwa baridi. Hilo nalo lilikuwa kwenye kamusi, nililijua na tahajia yake, ingawa sikuwahi kulitumia hata siku moja. Nilielewa pia, pale pale na shuka lenye maji mkononi, kwamba nikilifasiri itabidi niseme kwamba vuli ya huku si vuli, kwamba nyuma yake inakuja baridi, si joto. Kwamba nilimpa neno tupu. Mama alikuwa ameinua uso akingoja, kama alivyongoja kila mara mtu akisema neno la kigeni mbele yake.

"Anasemaje?"

"Anasema yanapendeza."

Akacheka kwa furaha, akampungia mzee mkono. Mzee akatikisa kichwa, akajaribu tena kwa mikono, akijikumbatia na kutetemeka kuonyesha baridi. Mama akadhani anaumwa, akaniuliza kama ana mtu wa kumpikia uji. Halafu akainama akazifukia mbegu za mwisho, moja moja, na kuzikandamiza kwa kisigino. Nami nikaendelea kuanika.

Ningeweza kusema kesho yake. Zilikuwa bado ardhini, ningeweza kuzifukua mwenyewe kwa kijiko. Wiki nzima nilijiambia kwamba yule mzee ni mtu wa kutia chumvi, kwamba baridi ya Sydney si ya theluji, kwamba mahindi ni mahindi. Mtu mwenye kamusi mbili hakosi la kujiambia.

Mei ikaja na upepo mkavu. Mti ulibaki vijiti. Mume wangu alinunua kuni mbichi kwa bei ya kavu, akajaza nyumba moshi na kuuita moshi huo wa kishamba. Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni, rangi imefifia, lakini yamesimama, na mama alitembea kati yake jioni akiyagusa. Aliniambia kwamba vuli ya huku ni ya uvivu, ila itafika tu.

Asubuhi ya jalidi nilikuwa wa kwanza kuamka. Uwanja wote ulikuwa mweupe. Nilisimama dirishani nikiwa nimevaa soksi jozi mbili. Mama akatoka na ufagio wake kama kawaida, akakanyaga nyasi, akainama akagusa ule weupe kwa kidole na kukiangalia kidole. Akazunguka nyuma ya nyumba. Nilimfuata na soksi zangu hizo. Jua lilipopanda, majani ya mahindi yakalegea, yakawa na rangi ya chai, yakainama yote kwa pamoja.

Mzee alikuja akasimama pembeni yake bila kofia. Akanionyesha mimi kwa kidole, si kwa hasira, kwa masikitiko tu. "I tell her," alisema. "I tell."

Hayo hayakuhitaji mkalimani. Mama akanigeukia.

"Siku ile alisemaje?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, hata ile ya kuweka mbegu, hata Septemba, na sauti yangu ilikuwa ndogo mpaka nilijidharau kuisikia. Nilitaka anitukane. Nilikuwa na majibu ya kutukanwa: kwamba kamusi ndivyo zinavyosema, kwamba si mimi niliyezitunga. Yeye alifungua pindo la khanga akaliangalia, labda kuna punje iliyonasa, akalifunga tena likiwa tupu.

"Nilikuuliza msimu," alisema. "Ungeniambia hujui."

Mume wangu, aliporudi kutoka kazini, alisema ni mahindi tu jamani, dukani yapo, atamnunulia pakiti yenye picha. Miaka yote ile nilikuwa nikimcheka kwa maneno ya namna hiyo. Siku hiyo nilikosa cha kumcheka. Yeye alikuwa mjinga kwa sababu hakuelewa, na mimi nilikuwa nimeelewa. Mama alikata mabua, akampa mzee kwa ajili ya mbuzi aliowafuga kule kwake mbele, akarudi kufagia.

Tangu asubuhi ile hakuniita tena mwalimu. Aliniita mwanangu, kwa upole uleule, na ningetoa kamusi zote mbili na friji lililozibeba ili aniite kama zamani.

Mwezi wa tisa mti ukatoa vichipukizi. Mtaliano akaja na kopo la mahindi ya njano, yale matamu ya huku yanayoliwa kama peremende. Mama aliyapokea kwa mikono miwili, ingawa aliyajua mahindi ya njano, ndiyo waliyogawiwa mwaka wa njaa. Nilikuwa nimewaletea chai. Mama akaonyesha vichipukizi, akaonyesha udongo, akainua mabega kumuuliza mzee. Mzee akanitazama mimi kwa mazoea. Na neno nilikuwa nalo, Mungu anisamehe, lilikuwa limeshafika kwenye ulimi: masika, kutoka kwenye kamusi zilezile.

"Wacha, mwanangu," mama akasema, bila kunitazama. "Aseme yeye."

"Spring," mzee akasema.

"Siprin," akarudia mama. Kisha akamuuliza kwa vidole: miezi mingapi, mvua ngapi, ule weupe unarudi au haurudi. Mzee akajibu kwa vidole, kwa kupuliza, kwa kuchora ardhini kwa kijiti, na iliwachukua nusu ya asubuhi mambo ambayo mimi ningeyamaliza kwa dakika mbili. Nilisimama pale na birika mpaka likapoa. Siprin halikuwa na maana yoyote kwake, na alilishika hivyo hivyo, kwa sababu halikutoka kinywani mwangu.