Kona ya Kaskazini Mashariki

Haingo alingoja mama yake aende Antsirabe kwa mdogo wake, ndipo akaingiza mafundi. Nyumba ile ya kilimani Antananarivo ndimo alimozaliwa, na tangu utotoni aliichukia kwa giza lake. Akavunja ukuta wa jiko ili mpishi na mgeni waonane. Akapaka rangi nyeupe kila mahali, akaficha taa ndani ya dari, akatupa kabati jeusi lililokula nusu ya sebule. Choo cha wageni akakipeleka kona ya kaskazini mashariki, kwa kuwa mabomba yalipita upande huo na kuyazungusha ni kujitafutia usumbufu.

"Dada, kweli pale?" fundi aliuliza. "Pale pa wazee?"

"Wazee wako makaburini. We chimba."

Fundi alichimba, lakini tangu siku hiyo hakula tena chakula chake mle ndani.

Haingo alijua anachofanya, tusidanganyane. Kona ile ndipo marehemu baba yake, na babu kabla yake, waliposimama kuwaita waliotangulia. Ndipo kila mtoto wa nyumba aliponyunyiziwa maji ya baraka. Yeye hayo aliyaona ya kizamani, mpaka mimba ilipoingia. Nyingine zilikuwa zimeharibika. Hii aliitaka kwa roho yake yote, na ghafla akaona hawezi kuibeba bila maji ya mama. Akampigia simu, akamweleza.

Neny, ndivyo wanavyomwita mama huko, alirudi Jumapili. Macho yake yalikuwa yamekaribia kupofuka. Aliingia akipapasa ukuta.

"Mbona pana mwangwi? Mmehama?"

"Nimepanua tu, Neny. Njoo ukae kwenye kochi."

"Kochi litaningoja. Lete maji, mimi na baba yako tukubariki. Nipeleke konani."

Badala ya kusema ukweli, Haingo akamshika mama mkono akampeleka kona nyingine, kando ya dirisha kubwa alilojivunia kuliko vyote.

"Ndipo hapa, Neny."

Mama akainua kikombe cha maji alicholetewa. Akaanza kumwita mumewe kwa jina, halafu akageuza uso huku na huku.

"Haingo. Saa hizi si jioni?"

"Ni jioni."

"Na jua linanichoma usoni."

Watu wa kule huambiana hata mezani, sogeza sahani kusini. Kumdanganya mama kama yule kuhusu pande za dunia ni wazimu, na yeye alikuwa amejaribu.

Mama akaufuata ukuta kwa kiganja, kuelekea mashariki, mpaka akagusa mlango. Akaufungua. Mkono ukashuka juu ya choo, ukakaa hapo.

"Umemweka baba yako hapa?"

"Nitavunja, Neny. Kesho asubuhi, naapa!"

"Choo ningekusamehe, mwanangu, ungeniambia. Lakini umenisimamisha pasipo na mtu ili nimwite baba yako, kwa kuwa sioni. Tena kwa ajili ya mtoto."

Haingo akaangua kilio, mikono tumboni. "Basi ninyunyizie hapo hapo. Popote, Neny. Naogopa."

Mama akakipeleka kikombe mdomoni mwake, akayanywa maji yote, akamrudishia kikiwa kitupu.

"Nilikuwa na kiu," akasema. "Sasa niitie gari la Antsirabe."