Aliyekufa kwa Kadi Yangu

Asubuhi ya mkutano nilisimama mlangoni mwa ukumbi, suti ya kampuni ikinibana makwapani, nikijiona na mimi mjumbe. Mimi mtu wa ndoto, sikatai. Shule niliishia darasa la saba, lakini kila ukumbi ninaoulinda huwa najichagulia kiti changu, mstari wa mbele.

Mkutano wenyewe ulikuwa wa kumbukumbu na nyaraka. Watu wametoka nchi zote hizo kuja kuzungumzia makaratasi! Siku nyingine ningecheka. Wiki ile sikuwa na cheko.

Kule kambini kwetu vibarua wa ughaibuni, Industrial Area, kitanda cha juu yangu kilikuwa kitupu. Mwenzangu wa Tanga alikuwa mochwari siku ya nne, ameandikwa jina langu.

Tuliyataka wenyewe. Kadi yake ya hospitali ilikuwa imeisha muda, mpya haijatoka, na chumbani kwetu kadi ilikuwa kama ndoo ya kuogea, mwenye nayo anaazimisha. Alipoanza kushika kifua nikamwambia, "Chukua yangu. Wote weusi, wembamba, nani atatazama?"

Akacheka. "Nikipona, utakuwa umepona wewe."

Nilipokwenda kumwona, nesi aliniambia amefariki. Nikaondoka bila kusema neno, maana anayeazimisha kadi hurudishwa kwao. Hospitali ikawa inapiga namba iliyo kwenye kadi, yaani yangu, nami sipokei. Kampuni, kwa kutomwona kazini, ikamwandika mtoro. Na kila baada ya alasiri mama yake alinipigia: "Mwanangu, mwenzio mbona hapatikani?" Nikamwambia yuko kazini Lusail, mtandao mbovu. Nilisema hivyo mara tatu.

Wakati wa chai nilimsikia mjumbe mmoja, mama wa makamo, akiongea Kiswahili cha kwetu kwenye simu. Nikamngoja amalize.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba! Kumbe mmejaa huku?" Akanipa sambusa mbili ndani ya karatasi laini. "Kula, umekonda."

Nikamuuliza, "Mama, faili likiwa na jina la mtu mwingine, huwa linajirekebisha?"

"Faili lina miguu? Anayejua kosa ndiye aende aseme."

"Na akinyamaza?"

Aliacha kutabasamu. "Nimeshika mafaili ya watu waliozikwa kwa majina yasiyo yao. Kwao wanaendelea kuwangoja, mwanangu. Mpaka na wao wanakufa."

Sambusa sikuzila. Zilipoa mfukoni.

Zamu ilipokwisha nikamwambia mlinzi mwenzangu, Mkenya, kwamba naenda hospitali kusema.

"Msee, una wazimu? Watakupakia ndege ya kwanza!"

"Wanipakie. Mimi angalau nitapewa kiti."

Akasogea karibu. Kisha akanifungua tai, akasema ataikabidhi yeye.

Hospitalini nikaweka kitambulisho changu mbele ya karani, nikasema mwenye kadi ile ni mimi, niko hai, na aliyelala kule ndani ni mwingine. Alilinganisha picha na uso wangu. Akavuta fomu mpya. Jina la marehemu? Nikataja. La baba? Nikataja. La babu?

Babu yake simjui. Miaka miwili tumelala juu na chini, sikuwahi kumuuliza.

Karani akasubiri, kalamu mkononi. Nikatoa simu, nikampigia mama yake. Alipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Mwanangu! Umempata?"

"Nimempata, mama," nikasema. "Kaa chini kwanza."