Nilimdanganya Mama Ili Nione Furaha Ilivyo

Admin, naomba unifichie jina, maana wasomaji wangu nao wamo humu. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, fundi cherehani, naishi Kihonda. Nikifunga kazi naandika hadithi kwenye kundi la WhatsApp.

Mwezi uliopita msomaji mmoja alinichana mbele ya watu. Alisema wahusika wangu wakifurahi wote wanaruka, wakiumia wote wanatiririkwa na machozi, hakuna mtu humo ndani. Iliniuma kwa sababu ni kweli. Na sehemu iliyofuata ya hadithi yangu ilikuwa ya mama anayepata habari za mwanawe aliyepotea.

Hapo ndipo shetani aliponipitia. Kaka yangu alikwenda machimboni miaka sita iliyopita na hajapiga simu hata mara moja. Nikaenda Mlali kwa mama, nikamkuta anapalilia kabichi. Baada ya shikamoo nikamwambia kaka kanipigia kwa simu ya mtu, ni mzima, anakuja Krismasi. Nilitaka tu kumwona uso, kisha nimwambie ukweli papo hapo.

Mama hakuruka wala hakulia. Aliweka jembe chini taratibu, akaanza kujifuta udongo kwa khanga, kidole kimoja kimoja, kama vile mgeni ameshafika mlangoni. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Alisema amekula?"

Nikashindwa. Nikajibu ndiyo, mama, amekula.

Niliporudi nikaandika vidole vile na swali lile. Kundi zima lililia. Yule yule aliyenichana akaandika kwamba sasa nimekuwa mwandishi, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi siku nzima.

Sasa mama amepaka chokaa chumba cha kaka. Ametoa shukrani kanisani. Kuna jogoo hataki auzwe. Kila akinipigia anauliza kama kaka amepiga tena, nami nazidi kumtungia maneno.

Najua natakiwa kwenda kumwambia. Hasira yake nitaivumilia. Ninachoogopa ni kwamba nikishasema, badala ya kumkumbatia, macho yangu yatakwenda kwenye vidole vyake kuangalia vinafanya nini.

Ndugu zangu, nisuteni mkitaka, nimestahili. Ila niambieni, naanzaje kumwambia mama kabla Krismasi haijafika?