Pochi Iliyonuka Ugoro

Ngozi chafu haishiki moto vizuri. Hilo nilifunzwa Mombasa na fundi wa makubadhi aliyenilea kikazi, mkali kama pilipili, na nimelifuata mpaka hapa Doha. Siku za kazi naendesha gari la familia moja ya mtaa wa Muaither. Siku ya mapumziko nachora mikanda na pochi kwa kalamu ya moto. Kabla ya kuchora, napangusa ngozi kwa spiriti, napitisha msasa laini, napangusa tena. Mafuta ya mikono yakibaki, mstari unaingia mabaka na kivuli kinakataa. Mimi na uchafu hatupikiki chungu kimoja. Wenzangu chumbani hunicheka kwamba iko siku nitaosha hata sabuni.

Rafiki yangu mmoja, Mtanzania wa Kondoa, ni mlinzi wa jengo huko Lusail. Baba yake alipofariki, yeye alikuwa zamu. Waislamu hatuchelewi kuzika, na hadi anapata ruhusa ya kusafiri, mzee alishalazwa kaburini, naye hakwenda tena. Baadaye dada yake akampa msafiri pochi ya marehemu amletee. Baada ya majuma kadhaa rafiki yangu akanijia nayo, akitaka nimchoree juu yake dume la ng'ombe la baba yake, lenye nundu kubwa na pembe moja iliyopinda.

"Kaka, mzee alimpenda yule dume kuliko sisi watoto," akasema. "Dume akiumwa, nyumba nzima hatuli."

"Nitamchora mpaka umsikie akilia," nikamjibu. Maringo yangu hayo.

Pochi ilikuwa imeiva kwa jasho, hasa pale kidole gumba kilipozoea kushika, na ndani ilinuka ugoro. Nikakunja pua. Nikasafisha nje, kisha nikaona haipendezi nje ing'are na ndani inuke, nikasafisha na ndani. Pamba ilitoka ya kahawia, nikachukua nyingine, na nyingine, mpaka ikatoka nyeupe. Nilifurahi kweli. Ndipo nikachora. Nundu niliitia kivuli kwa moto mdogo, polepole, hadi ikajaa, na ile pembe iliyopinda nikaipenda mwenyewe.

Tulikutana Ijumaa baada ya sala, mtaani Abu Hamour, nje ya duka la chai. Alipomwona ng'ombe alicheka kwa sauti. "Ndiye! Ndiye mwenyewe!" Halafu akaifungua pochi, akaingiza pua, akafumba macho. Akavuta pumzi. Akavuta tena. Kicheko kikafutika usoni.

"Kaka, uliiosha?"

"Niliipangusa tu. Ngozi lazima uipanguse, la sivyo..."

"Na ndani?"

Nikaanza kukoroga chai yangu.

"Nilikuwa naifungua Ijumaa tu, nikitoka msikitini," akasema. "Kidogo, halafu nafunga. Mzee asiniishie."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Alishaniambia ni ya marehemu baba yake, nami sikuuliza neno. Akili yangu yote ilikuwa kwenye nundu. Niliomba radhi, maneno yakigongana mdomoni. Hakunigombeza. Afadhali angenitukana, ningejua pa kuuweka uso wangu.

Akanisogezea pochi. "Hebu nusa wewe. Labda mimi nina mafua."

Nikanusa. Spiriti, na ngozi iliyoungua. Hakuna kingine. Nilipoinua kichwa alikuwa ananitazama, chai yake hajaigusa.

"Ipo," nikasema. "Kwa mbali."

Akaichukua, akanusa kwa muda mrefu. "Eeh," akasema. "Kwa mbali."

Tangu siku hiyo, kila tukikutana, hunipa pochi ninuse, nami kila mara humwambia ipo.