Baba Aliwaambia Polisi Ni Mimi Niliyekuwa Nikiendesha

Admin, nifiche kabisa, maana watu wa kwetu Ahero wamejaa kwenye hii page na wengine tunasali nao. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, kifungua mimba kwa baba yangu, sijaolewa. Baba hununua mchele kwa wakulima wa hapa na kuupeleka sokoni kwa pikapu yake, Katito, Muhoroni, hadi Kisumu mjini. Naandika nikiwa na hasira, kwa hivyo mnivumilie.

Mwaka jana baba alitupeleka shule ya udereva Kisumu, mimi na ndugu yangu anayenifuata. Wacha niseme ukweli, nilipenda gari kuliko nilivyowahi kumpenda mwanamume yeyote. Mwanzoni lilikuwa likinizimikia kila nikiachilia klachi, mwalimu akawa ananiuliza kama nimekuja kuendesha ama kucheza rege. Lakini jioni nikifika nyumbani baba alikuwa anamwaga vifuniko vya soda mezani, anapanga raundabauti na njia panda, kisha ananiuliza, "Nyara, hapa nani anapita kwanza?" Nyara kwetu ni binti yangu. Nikipata jibu alikuwa anacheka na kumwita mama aje aone. Ndugu yangu alikuwa hapo kando na simu yake, eti hayo ni mambo ya watoto.

Siku ya mtihani nilipita. Kwenye ule ubao wa barabara za mfano sikukosa swali hata moja, na kwenye mlima gari liliondoka bila kurudi nyuma. Ndugu yangu aliingia raundabauti ya ubao kwa upande usiofaa, halafu barabarani akapita alama ya kusimama kama haioni. Akaanguka. Akarudia, akaanguka tena. Siku niliyoleta habari yangu nyumbani, baba alinikumbatia mbele ya majirani, nikajua pikapu nitaendesha mimi.

Wapi! Ufunguo alipewa ndugu yangu. Baba alisema, "Mwanaume hawezi kukaa hapo kando akibebwa na dada yake. Wewe kaa karibu na yeye. Mkiona polisi mbele, mnabadilishana viti." Leseni niisomee mimi, iwe mwavuli wa mtu mwingine. Nilibishana mpaka nikachoka, nikaanza kujitafutia kazi yangu. Mungu si Athumani, shule moja mjini ilikuwa inataka dereva mwanamke wa basi la watoto wa nasari, na wakanipenda. Walitaka tu cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, nianze muhula ujao.

Kabla sijaenda kukiomba hicho cheti, tukapeleka mchele Katito. Wakati wa kurudi, ndugu yangu aliingia barabara kuu bila kuangalia kulia. Nilipiga kelele, lakini wapi. Tukamgonga mtu wa bodaboda, mguu ukavunjika nikiona. Watu walipoanza kukusanyika ndugu yangu alifungua mlango akayeyuka. Mimi nilibaki. Nilichomoa ufunguo, nikamfunga yule bwana mguu na leso yangu, nikakaa naye chini mpaka tukapata gari la kumpeleka hospitali.

Baba alifika karibu wakati mmoja na polisi. Askari akauliza, "Nani alikuwa anaendesha hii gari?" Nilikuwa nafungua mdomo. Baba akanitangulia. "Ni huyu msichana wangu, afande. Lakini yuko na leseni, alipita mtihani vizuri."

Hakunitazama. Nikasimama hapo na ufunguo mkononi na damu ya mtu kwenye nguo, na yule askari akaandika. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa nasikia tu watu wakisema.

Nyumbani walinikalisha chini. Mama analia tu. Baba ndiye alikuwa anaongea. "Ndugu yako hana leseni, huyo atafungwa. Na bima haiwezi kulipa kama dereva hana leseni. Unataka yule mtu akose matibabu juu ya kiburi yako?" Hapo ndipo aliponiweza, kwa sababu hilo la bima ni kweli. Nilienda hospitali kumwona yule bwana. Mke wake alinishika mkono akasema, "Asante sana dada kwa kukosa kutoroka. Mimi nimekusamehe." Nilitamani ardhi ipasuke. Nasamehewa kosa ambalo mwenyewe yuko nyumbani anakula ugali.

Jumapili baba alisimama kanisani akaomba waumini wamwombee binti yake aliyegonga mtu. Mbele ya kila mtu! Wamama wakanizunguka na pole zao, mmoja akaniambia nijifunze tu ushonaji, gari niwaachie wanaume. Ndugu yangu alikuwa kwenye kwaya, anaimba.

Jioni hiyo nilimfuata nyuma ya nyumba nikamwambia aende polisi mwenyewe. Alinijibu bila hata kuinua kichwa, "Dada, sema tu ni wewe. Mwanamke akigonga mtu, nani atashangaa?"

Kesho natakiwa kituoni kuandikisha taarifa na kutia sahihi. Baba amesema atanipeleka mwenyewe. Nikitia sahihi uongo, kesi ni yangu, kile cheti sipati, na basi la wale watoto litaendeshwa na mwingine. Nikisema ukweli, ndugu yangu ataingia ndani, baba ataonekana mwongo kwa polisi, na yule bwana wa boda huenda asilipwe chochote, na mama ameniambia nikifanya hivyo nisikanyage tena hapa nyumbani.

Ninyi mnaosoma, kama ni ninyi mngefanya nini? Nishaurini kabla hakujakucha. Ila tafadhali, asiniandikie mtu hapo chini kwamba damu ni nzito kuliko maji. Hiyo nimeambiwa na kila mtu kwa hii nyumba, na hakuna hata mmoja aliyemwambia ndugu yangu.